Nyuma ya Kifaru

Siku mliyoniaga nikistaafu, mmoja wenu aliniona kwenye ukumbi wa hoteli nimejibana kati ya ukuta na yule kifaru mkubwa wa mti, mkono umezama nyuma yake hadi kwenye kiwiko. Akaharakisha kuniletea kiti. Ahsante kwa kiti, mwanangu, lakini sikuwa nimechoka, wala sikuwa nimeangusha pete. Nilikuwa nasalimia kazi ya mtu niliyemfahamu. Na kwa kuwa mliniomba niwaandikie jambo la kuwafaa nyinyi mnaobaki katika kazi hii ya kuuliza watu maoni, nitawaeleza nilivyofika pale ukutani.

Vyeo sitavitaja kwa kuwa havikuwa vingi. Mshahara nao tuuache, ulikuwa na haya zake.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kabla ya hapo nilifundisha watoto wa chekechea kule Jericho, na nadhani kampuni ilinichukua kwa sababu mbili: nilikuwa mwenyeji wa Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi, na sikuogopa mbwa. Ofisi ilikuwa mjini, juu ya duka la vitambaa, chumba kimoja chenye meza nyingi kuliko viti. Siku ya kwanza sikumwuliza mtu swali lolote. Nilibeba mwavuli wa Bi Salome, msimamizi wetu, mwanamke mnene wa kutoka upande wa Busia aliyevaa sketi ya kanisani na viatu vya raba, na ambaye angeweza kupiga hodi kwa adui yake akakaribishwa kiti.

Tulikwenda Makadara. Bi Salome akamwuliza mama mmoja kama anaipenda sabuni aliyoonyeshwa. Mama akasema anaipenda sana. Bi Salome hakuandika. Alimtazama tu kwa upole, penseli imetulia, na mimi nikaanza kuona haya kwa niaba yao wote wawili. Mwishowe yule mama akashusha pumzi.

"Kusema ukweli, hiyo sabuni inanikwaruza mikono," alisema. "Lakini nyinyi ni wageni. Ningeanzaje kusema vibaya?"

Hapo ndipo Bi Salome alipoandika. Tulipotoka nje akaniambia, "Ukishauliza, nyamaza. Mtu wa huku kwetu, jibu lake la kwanza ni la kukukaribisha. Jibu lenyewe linafuata nyuma." Maneno hayo nimeyatumia kuliko kifaa chochote nilichopewa na ofisi.

Vifaa vyenyewe mngevicheka. Tulikuwa na ubao wenye kibanio, hojaji za karatasi, mfuko wa nailoni wa kuzifunika mvua ikija, na penseli. Biro ilikatazwa kwa sababu ilikauka mtu akiwa katikati ya sentensi tamu. Kompyuta ilikuwa moja ofisini, imevikwa kitambaa kama bibi harusi, na sisi wa mitaani hatukuruhusiwa kuikaribia na vumbi letu. Lakini chombo cha kwanza kilikuwa viatu. Mhojaji mwenye viatu vinavyombana huanza kuuona kila mlango umefungwa.

Sheria zilikuwa mbili tu za kukariri. Ya kwanza, mtu aliyechaguliwa kwa bahati nasibu kwenye nyumba ndiye huyo huyo wa kuhojiwa, hata kama jirani yake anapenda kuongea zaidi. Kama hayupo, unamfuata aliko. Ya pili ilikuwa ya Bi Salome mwenyewe: jibu lisiloingia kwenye visanduku vya hojaji liandikwe pembeni, hata kama ofisini watanung'unika. "Pembeni mimi nasoma," alituambia, na kweli alikuwa akisoma, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua.

Hivyo ndivyo tulivyoishi, sabuni leo, majani ya chai kesho, mpaka siku moja katikati ya miaka hiyo akaja mteja aliyetaka kujua wananchi wangesemaje kiingilio cha mbuga za wanyama kikipandishwa. Tulifurahi. Angalau simba si sabuni. Mkurugenzi wetu, mtu wa takwimu na mpole sana, alitutabiria kwamba Eastlands ingekataa kwa sauti moja, akatugawia mitaa. Mimi nikapewa Komarock, Gikomba na Majengo.

Kwenye mafunzo Bi Salome aliuliza ni nani kati yetu amewahi kuingia mbugani. Tulitazamana. Hapakuwa na mkono hata mmoja. Mbuga yenyewe iko hapa hapa mjini, na baadhi yetu tulikuwa tumezaliwa na kukua Nairobi. Tulicheka, halafu tukaacha kucheka, tukapokea hojaji zetu.

Komarock ilikuwa rahisi. Nyumba zilikuwa mpya, mageti yanang'aa, na watu walitoa maoni kama waliokuwa wakiyangojea. Karani mmoja aliniambia, "Wapandishe tu, hakuna shida. Lakini wanihakikishie simba. Siwezi kulipa zaidi nikaonyeshwa alipolala jana." Mke wake, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni, alisema wanyama ni wa Mungu, na kwamba Nuhu hakuuza tiketi. Niliandika yote mawili.

Gikomba ndiko nilikoanza kushangaa. Nilimkuta mama mmoja aliyeketi juu ya robota la mitumba, amelifungua upande mmoja anachambua sweta. Nilipomwuliza kuhusu kiingilio hakungoja nimalize.

"Wapandishe! Wapandishe kabisa, hata mara kumi!"

Nikanyamaza kama nilivyofundishwa.

"Kwani mimi naenda?" akaongeza. "Nikitaka kuona wanyama si ninawaona kwa fulana hizi? Huyu hapa chui. Wacha wenye pesa walipe."

Kijana aliyekuwa akiuza soksi mkononi karibu naye akaingilia. "Niaje, siste! Ati simba? Si tuko na simba hapa mtaani, anaitwa kanjo. Na huyo hulipi kumwona, anakuja mwenyewe." Watu wote wa mstari ule waliangua kicheko, kwa maana askari wa baraza la jiji walikuwa wamepita asubuhi hiyo hiyo na mizigo ya watu ilikuwa bado haijatulia.

Ndivyo ilivyokuwa kila nilipogeuka. Waliokuwa hawajawahi kuingia mbugani ndio waliokubali kwa sauti kubwa zaidi kwamba kiingilio kipande. Hawakuwa na chuki. Waliongea juu ya mbuga kama mtu anavyoongea juu ya nauli ya ndege, jambo la watu wengine, na wakaniuliza kwa huruma, "Na wewe dada, umeshaingia?" Nikawajibu ukweli. Wakanisogezea kigoda.

Majengo nilifikia nyumba ya vyumba mstari, ua mmoja, wanawake wakifua pamoja. Mtu aliyechaguliwa pale aliitwa Mzee Mutiso. Mkewe alinieleza kwamba yuko kazini, akanielekeza kwenye karakana za wachongaji, vibanda vya mabati vilivyojipanga upande ule unaopakana na Gikomba. Sheria ni sheria, nikamfuata.

Nilimsikia kabla ya kumwona, maana karakana zile zilikuwa na mlio wake, tezo nyingi zikigonga mti kila moja kwa mwendo wake. Harufu ya mti wa muhugu ilikuwa tamu kiasi cha kumfanya mtu ameze mate. Wachongaji walikuwa wameketi chini, miguu wameinyoosha, wengi wao watu wa kutoka Ukambani, na mbele ya kila mmoja palikuwa na mnyama anayezaliwa. Twiga wengine walikuwa bado na gome. Pembeni kijana mmoja alikuwa akipaka viboko rangi ya viatu ili wang'ae.

Mzee Mutiso alikuwa mwembamba, mwenye kofia ya sufu, na vumbi la mti kwenye nyusi. Aliniita mwaitu, yaani mama, ingawa ningeweza kuwa binti yake. Alipangusa kigogo kwa mkono, nikaketi.

Tulikuwa na kadi za picha za wanyama. Kazi yake ilikuwa kumwonyesha mhojiwa na kumwuliza ni yupi kati ya hao amewahi kumwona kwa macho yake. Nilimpa zote. Akazipitisha haraka, mpaka akafika kwa kifaru. Hapo akasimama. Aliitazama kadi ile muda mrefu, kisha akaigeuza. Upande wa pili ulikuwa mweupe. Akaurudia tena, akageuza tena.

"Unatafuta nini, Mzee?"

"Nyuma," alisema.

"Nyuma ni karatasi tupu."

"Ndiyo shida ya picha zote, mwaitu. Hakuna mtu anampiga kifaru picha ya nyuma. Wote wanataka pembe."

Nilidhani ananitania, nikacheka. Yeye hakucheka. Aliinuka, akanipeleka nyuma ya kibanda, akavuta gunia. Nilipigwa na butwaa. Palikuwa na kifaru wa ukubwa wa ndama, kichwa kimeinama kidogo, masikio yamesimama, mdomo wa juu umechongoka kama unataka kukunyang'anya kitu mkononi. Nilirudi nyuma hatua moja, sioni aibu kusema. Lakini kuanzia mbavuni hapakuwa na mnyama. Palikuwa na gogo tu, na gome lake, na nambari ya chaki ya mwenye kuuza mbao.

Akanieleza pole pole, huku akipapasa lile gome. Kuchonga alifundishwa na mjomba wake, na mjomba alifundishwa na mwingine, na hakuna hata mmoja wao aliyemwona kifaru. Mbele waliipata kwa picha. Nyuma waliweka walichokijua.

"Na mlijua nini?"

"Ng'ombe," alisema. "Nimechunga ng'ombe. Kwa hivyo kifaru wangu wote wana matako ya ng'ombe na mkia wa ng'ombe. Watalii wamebeba mpaka Ulaya. Hakuna aliyerudi kulalamika."

"Sasa shida iko wapi?"

Shida ilikuwa hoteli. Meneja wa hoteli moja mjini alikuwa amemwagiza kifaru mkubwa wa kuwekwa katikati kabisa ya ukumbi, wageni wamzunguke. Na wageni hao watakuwa wametoka mbugani saa hiyo hiyo, macho yao bado yana kifaru wa kweli. Meneja alikuwa ameshakuja kuuliza mara mbili. Mnyama asipokuwa tayari kabla ya msimu wa wageni, kazi ingepewa mtu mwingine.

"Mikono hii imeanza kutetemeka," alisema, akainyoosha nione. "Huyu ndiye mkubwa wangu wa mwisho. Sitaki awe ng'ombe."

Nilitamani kusema kitu, lakini kazi yangu ilikuwa kuuliza. Nikashika penseli, nikasoma swali kama lilivyoandikwa: je, anakubali au anakataa kiingilio cha mbuga za wanyama kipandishwe?

"Sijui," alijibu.

Hapo mhojaji mvivu hutia alama na kwenda zake. Mimi nilinyamaza. Tezo ziligonga pande zote. Mzee akatazama lile gogo, akanitazama mimi, akavua kofia.

"Mimi kiingilio nilikuwa nacho," alisema. "Niliweka akiba, nikavaa koti, nikatembea kutoka hapa mpaka langoni. Asubuhi yote. Askari alikuwa na adabu. Akaniuliza, Mzee, gari lako liko wapi? Nikamwambia nimekuja na miguu. Akaniambia huku ndani hakuna kutembea, simba hawajui nani amelipa. Nikarudi na kiingilio changu mfukoni. Sasa wewe unaniuliza kipande au kisipande. Mwaitu, kilichonirudisha si kiingilio."

Nilitafuta kisanduku cha jibu hilo kwenye hojaji yangu, na hakikuwepo. Niliandika pembeni, nikajaza pembe zote nne, nikageuza karatasi nikaendelea. Nilipoinuka kuaga, akaongeza kwa sauti ya chini, "Lakini wakipandisha kabla sijamwona, ndiyo basi." Nilitembea mpaka kwangu Jericho bila kuhisi miguu. Nilijua kwamba katika siku zangu zote za kazi nilikuwa sijawahi kupewa jibu zito kama lile.

Bi Salome alisoma pembeni, kama alivyoahidi. Alisoma mara mbili, akavua miwani, akaipangusa kwa kitambaa chake. "Wakati wa mahojiano haturuhusiwi kumpa mhojiwa chochote," alisema. "Hata peremende. Kwa hivyo tutangoja kazi ya mitaani iishe." Ilipoisha aliingia kwa mkurugenzi. Sikuwepo, lakini mlango ulikuwa wa mbao nyembamba. Alimwambia kwamba wahojaji wake wamezunguka Eastlands yote wakiuliza watu habari za mahali ambapo wao wenyewe hawajawahi kukanyaga, na kwamba jambo hilo likijulikana kwa mteja litatia aibu. Alihitaji kombi ya ofisi kwa siku moja ya mafunzo. Mkurugenzi alikubali, tena akaomba radhi kwa kutokufikiria mapema.

Jumamosi hiyo tulimpitia Mzee Mutiso. Alikuwa amevaa koti lile lile na tai, na mkewe amempigia viatu rangi kwa ile ile ya kupakia viboko. Dereva wetu Kizito, mtu wa Kakamega asiyependa maneno, alimpa kiti cha mbele bila kuambiwa. Langoni Bi Salome alitaka kumlipia. Mzee alikataa katakata. Alitoa kiingilio chake kwenye mfuko wa ndani wa koti, kimekunjwa katika kitambaa, kile kile alichorudi nacho mara ya kwanza, akakitoa kwa mikono miwili. Halafu akageuka kututazama sisi wote kwenye kombi, akatabasamu kama bwana harusi.

Sijui niwaelezeje. Mimi ni mtu niliyezoea mabati, maji ya mitaroni na redio za majirani. Tulipita miti, tukatokea kwenye nyasi, na nyasi hazikuwa na mwisho. Twiga walisimama wakatutazama kama wazee wa kanisa wanavyowatazama waliochelewa. Na nyuma ya twiga, kule mbali, yalikuwa majengo ya mji, yale yale ninayoyaona kila siku nikishuka kazini. Mji wangu ulikuwa na mlango huu siku zote. Wenzangu waliokuwa hawaachi kupiga domo ofisini walibana nyuso kwenye madirisha, na mmoja alianza kuimba wimbo wa kanisani polepole, akajinyamazia mwenyewe. Nilisikia machozi yakinilenga na sikujua ninamlilia nani.

Kifaru tulimpata jua likiwa limepanda. Alikuwa amesimama kando ya kichaka, anatukabili. Kizito akazima injini. Yule mnyama alikuwa karibu kiasi kwamba tulisikia vijiti vikikatika mdomoni mwake, na pumzi yake ikiingia na kutoka. Ndege wadogo walimtembea mgongoni kama walio na shughuli zao. Mzee Mutiso alishika dirisha kwa mikono yote miwili. Mbele ya kifaru yule ilikuwa ile ile aliyoichonga, mpaka kwenye mdomo uliochongoka, na hata mimi niliitambua.

Tukangoja ageuke.

Hakugeuka. Alikula kichaka kile kwa utaratibu wa mtu aliyelipia. Magari ya watalii yalifika, kamera zikalia, watu wakashangilia pembe, yakaondoka. Mengine yakaja, yakaondoka. Mwishowe dereva mmoja wa watalii alisogea karibu na dirisha la Kizito.

"Buda, mmekwama? Tuwavute?"

"Hatujakwama."

"Si mshamwona sasa?"

"Tumeona nusu," Kizito alisema.

"Mnangoja nini?"

"Nyuma."

Yule dereva alicheka mpaka akaegemea usukani, akaenda akiwaeleza wageni wake, nao wakatupungia mikono. Sisi tulikula mkate wetu na ndizi. Bi Salome alifuma. Hakuna aliyelalamika, na hilo peke yake, kwa wanaowajua wahojaji, ni muujiza.

Kisha kifaru akainua kichwa, akasikiliza kitu ambacho sisi hatukukisikia, na akageuka. Aligeuka polepole sana, mguu kwa mguu, na tukauona ubavu wote ukipita mbele yetu kama ukuta wa nyumba unaohama. Nyuma yake haikufanana na ng'ombe hata kidogo. Ngozi ilishuka kwa makunjo makubwa mapajani, kama suruali ya mzee iliyolegea, na katikati ulining'inia mkia mfupi, mwembamba, wenye nywele chache za ajabu kwenye ncha, mkia ambao usingemdhania mnyama mkubwa vile. Ulikuwa unachekesha. Ulikuwa pia mzuri kupita kiasi, na mpaka leo sijui mambo hayo mawili yanakaaje pamoja.

Mzee Mutiso hakuchora wala hakuandika. Alikuwa ameinua mikono yake kifuani, viganja vinatazamana, na anaisogeza hewani, anapima, anakunja, anashusha, kana kwamba gogo liko pale mapajani mwake. Mikono haikutetemeka. Niliiangalia makusudi, na haikutetemeka. Kifaru akaingia kichakani, na kwa kitambo bado tuliuona ule mkia kati ya majani. Kisha haukuwepo.

"Nimemkosea," Mzee alisema kwa sauti ndogo. "Siku zote hizo, mimi na mjomba. Tumemkosea sana." Na uso wake ulikuwa umejaa furaha.

Baada ya wiki chache Bi Salome alikwenda kukagua, kama ilivyo desturi yetu mpaka leo: msimamizi anawarudia wahojiwa wachache na kuwauliza maswali yale yale, ahakikishe kwamba mhojaji hakujaza fomu akiwa kwake nyumbani. Mimi nilifuatana naye. Mzee alikuwa akipiga msasa. Kifaru alikuwa amekamilika, mzima, pande zote, na wachongaji wengine walikuwa wameacha kazi zao na kumzunguka, wanainama nyuma yake na kugusa makunjo kwa ncha za vidole. Bi Salome akasoma swali la kiingilio.

"Sijui," alisema Mzee.

"Bado hujui? Na umeshaingia?"

"Ndiyo maana. Siku ile mimi nilikaa kutwa nzima, na wale wa magari walikaa kidogo tu wakaenda. Na kiingilio ni cha siku nzima, chao na changu. Sasa, mwaitu, nani alilipa nyingi na nani alilipa kidogo?"

Bi Salome alinyamaza. Kwa kawaida kunyamaza kwake kulikuwa chombo cha kazi. Mara hii aliishiwa tu.

"Tia sijui," Mzee akamwambia kwa huruma. "Lakini uniandikie pembeni."

Ripoti ilitoka na majedwali mazuri. Walio wengi wa mitaa yetu walikubali kiingilio kipande, na mkurugenzi, ambaye alikuwa ametabiri kinyume, alishangaa kwa uaminifu. Bi Salome alimshikilia mpaka akaongeza kurasa za mwisho zenye maneno ya pembeni: simba anayeitwa kanjo, Nuhu na tiketi, na mtu aliyetembea na kiingilio mfukoni. Kama mteja alifika kwenye kurasa hizo sikuambiwa kamwe.

Kifaru akapelekwa hotelini kwa mkokoteni wa Gikomba, amefungwa magunia, wachongaji wakimsindikiza kama harusi. Nilingoja kidogo, nikavaa vizuri, nikaenda kumwona. Nilipoingia ukumbini moyo ulinishuka. Hakuwa katikati. Walikuwa wamemsukuma hadi ukutani, nyuma yake yote imebanwa, na wageni walikuwa wakipita na kumpapasa pembe. Nilimwuliza mbeba mizigo.

"Alikuwa hapo kati," alisema. "Lakini anazuia masanduku, madam. Na hapo ukutani anakaa vizuri. Nyuma nani ataangalia?"

Nilitaka kumpigia kelele. Badala yake nilikwenda moja kwa moja Majengo, maana nilijua heri Mzee asikie kwangu kuliko akajionee mwenyewe. Nilimkuta ana kipande kidogo cha muhugu mkononi. Nilimweleza yote. Nilimwambia juu ya ukuta.

Aliishusha tezo. Kisha mabega yakaanza kutikisika, na nikadhani analia.

"Basi huo ukuta," alisema akicheka, "umeingia bure."

Akarudi kwenye kazi yake. Nilipoinama kuangalia anachochonga, kilikuwa kifaru mdogo wa kutosha kiganjani, wa kuuzwa kwa watalii, na alikuwa ameanzia nyuma. Kijana aliyekuwa mbele yake alikuwa na mwingine, naye ameanzia nyuma.

Mzee Mutiso alitutoka zamani, na Bi Salome pia. Kiingilio cha mbuga kimepanda tangu wakati ule, na nyinyi mmeshawauliza watu juu yake kwa simu, jibu likaja kabla hamjamaliza kupumua. Sina la kuwafundisha kuhusu simu. Ila mkiniona nimejibana pale ukutani, mjue kwamba mkono wangu unatafuta ule mkia mfupi na yale makunjo, na kwamba navikuta vyote mahali pake. Siku mliyoniaga nilishangaa upya. Mti umekuwa laini pale nyuma, laini kama mpini wa jembe la zamani. Mimi hupita pale mara chache sana, na siwezi kuwa nimeulainisha hivyo peke yangu.